Maji ya rejeta yameingia kwenye oili: nianzie wapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Injini ya petroli, silinda 4. Oili imekuwa kama chai ya maziwa, na nati ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) ikilegezwa maji ndiyo yanatangulia. Haijawashwa tena, maana oili ya namna hiyo humaliza beringi upesi. Rejeta imejazwa presha ya baa 1, imeshuka ndani ya dakika 10, ila plagi zote kavu, yaani hakuna dalili ya maji ndani ya silinda (hapo ndipo penye utata).

Kabla ya kushusha silinda hedi (kifuniko cha juu ya silinda), nianze na kukagua kipoza oili, kile kinachopozwa kwa maji ya rejeta? Hedi ikishuka itapimwa kama imepinda, kwa rula na fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05, boliti mpya. Na oili ya kusuuzia, mara mbili zinatosha?