Uyoga wa porini Uyui: nitautambuaje ulio salama?

MgeniUyui: Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimehamia Wilaya ya Uyui mkoani Tabora kikazi, na tangu mvua za Novemba zianze ninawaona akina mama wakitoka porini asubuhi na ndoo za uyoga, ambao huuza kwa sado kando ya barabara. Ningependa kwenda kuchuma mwenyewe, lakini ushauri ninaopewa unapingana: mmoja anasema uyoga ulioliwa na konokono hauna madhara, mwingine anasema uchemshwe na kitunguu, na kikigeuka cheusi umwagwe. Je, kuna kipimo kimoja cha kuaminika?

TabibuMstaafu: Hakuna. Konokono hula bila kudhurika uyoga unaoweza kumuua binadamu, na kitunguu hakitambui sumu. Baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita una sumu isiyoharibiwa kwa kuchemsha wala kukausha, ambayo dalili zake, yaani kutapika na kuharisha, huanza saa 6 hadi 24 baada ya mlo. Kisha mgonjwa hupata nafuu ya muda huku ini likiendelea kuharibika. Kwa sababu hiyo awahishwe hospitali hata akidai amepona, na mabaki ya uyoga yapelekwe pamoja naye. Kinachotatiza zaidi ni kwamba katika miombo jamii hiyohiyo ina aina zinazoliwa tangu enzi za mababu.

Kichuguuni: Ninakubaliana na Tabibu, ila usiogope ukaacha kabisa. Anza na aina moja tu, uyoga wa vichuguu, ambao mchwa huulisha majani makavu ndani ya kichuguu na ambao hakuna mkulima aliyefanikiwa kuuotesha bandani. Usiung'oe kwa pupa: fukua udongo taratibu kwa kijiti, uone shina likiendelea chini kama mzizi mrefu unaozidi kuwa mwembamba kuelekea kwenye makao ya mchwa. Kuota karibu na kichuguu pekee si ushahidi. Kisha laza kofia moja juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Vumbi lake likiwa la kijani, tupa wote, kwani kuna uyoga mkubwa mweupe wa kwenye nyasi wenye vumbi la rangi hiyo, na unatapisha vibaya sana.

BintiMiombo: Mimi ningeanza na mtu kabla ya aina. Mwombe mmoja wa akina mama hao, kwa adabu na kwa malipo, akupeleke, na usile usichoonyeshwa naye. Atakuonyesha pia ule wa njano kama kiini cha yai, wenye mikunjo inayoteremka kutoka kwenye kofia hadi kwenye shina, unaoota chini ya mitundu kwa sababu hutegemea mizizi hai ya miti hiyo. Palipokatwa miti kwa ajili ya mkaa, usiutafute. Kama pori lenyewe ni hifadhi, pitia kwanza ofisi ya kijiji kuuliza utaratibu. Chukua kikapu badala ya mfuko wa plastiki, kwa maana ndani ya plastiki uyoga hutoa jasho na kuanza kuoza kabla hujafika nyumbani. Utakaobaki, uchane na kuuanika juani juu ya ungo hadi ukauke kabisa, nawe utaupika kwa karanga miezi ya kiangazi.