Ndama wa wiki tano anaharisha damu, dawa ya minyoo haijasaidia

Mleta uzi: Wakuu, heshima kwenu. Ndama wangu jike alianza na kinyesi laini, sasa ni majimaji yenye kamasi na michirizi ya damu. Anainua mkia na kujikamua muda mrefu, kinatoka kidogo tu. Maziwa anakunywa kwa uvivu. Nimempa dawa ya minyoo, hakuna nafuu. Nisimamishe maziwa kwanza? Naombeni msaada, nampenda sana huyu ndama.

Mfugaji Mkongwe: Pole sana mkuu. Kwa umri huo, damu na kule kujikamua, mimi nashuku koksidia. Hao si minyoo, ni vimelea vya seli moja vinavyoharibu ukuta wa utumbo, ndiyo maana dawa ya minyoo haiwagusi. Dawa zake zipo, kama amproliamu au toltrazurili, ila kipimo hufuata uzito. Peleka kinyesi kikapimwe kwanza, maana damu yaweza kuwa ya bakteria wa salmonela pia, na tiba yake ni tofauti kabisa.

Mama Ng'ombe: Maziwa usikate hata kidogo! Ndama wa kuhara huuawa zaidi na kuishiwa maji. Finya ngozi ya shingo uiachie. Ikichelewa kurudi, au macho yameingia ndani, ameshapungukiwa. Mpe ORS ya ndama (maji yenye chumvi na sukari), lita mbili kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku, mbali na saa za maziwa. Akishindwa kunyonya usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni. Huyo ni wa dripu.

Mleta uzi: Asante dada. Ngozi inarudi taratibu, naanza ORS sasa hivi. Kuna wenzake wawili wanalala naye, bado wazima.

Daktari wa Mifugo: Mtenge leo, na hao wawili waangaliwe pia. Dalili za koksidia huchukua wiki mbili hadi tatu kujitokeza, kwa hiyo huenda wameshameza vimelea hivyo. Toa matandiko yote yaliyolowa, inua ndoo zisiingie kinyesi. Dawa nyingi za kuoshea banda haziviui. Ukavu na mvuke wa moto ndivyo vinavyosaidia. Ukiwa na ndama wa wiki moja hadi tatu anayeharisha, fikiria kriptosporidia, vimelea vingine vya utumbo. Hiyo huambukiza watu, nawa mikono kwa sabuni na watoto wasimshike.

Mleta uzi: Nimeshamtenga. Sampuli naipeleka kesho asubuhi.

Daktari wa Mifugo: Iweke kwenye friji, isigande, na uandike umri wake na siku alipoanza kuhara.