Je, kusoma prufu, yaani kupitia andiko mara ya mwisho kusaka makosa, kuna ulazima ikiwa kompyuta haioneshi kosa?

Mwanafunzi_Moro: Habari zenu, wanajukwaa. Natakiwa kukabidhi tasnifu yangu ya uzamili wiki ijayo. Programu ya kukagua tahajia haioneshi mstari mwekundu hata mmoja, na msimamizi wangu amekwisha kuridhia hoja. Je, nimtafute mtu mwingine aisome, au nitajipotezea muda?

Mhariri_wa_Vitabu: Mtafute, ndugu yangu. Programu hukagua kama neno lipo katika lugha; haikagui kama ndilo ulilokusudia. Chukua kifungu cha mkataba kisemacho "mpangaji hatalipa maji", kisha idondoshe hiyo *h*: "mpangaji atalipa maji" ni sentensi safi, lakini deni limeshahamia kwa mpangaji. Ndivyo ilivyo pia kwa "mahali" na "mahari", au "kura" na "kula", hasa kwa wale ambao *l* na *r* huwachanganya hata katika matamshi. Mwaka 1631, wapiga chapa wa mfalme huko London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika amri ya uzinzi neno la kukanusha lilikuwa limeachwa, wakatozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni. Kwetu kosa kama hilo ni jepesi zaidi, kwani "usizini" hugeuka "uzini" kwa kupotea silabi moja tu.

Shangazi_Tanga: Naunga mkono, ila mwanangu, usianze na prufu. Maliza kwanza uhariri, yaani hoja, mpangilio na aya, kwa sababu kila sentensi unayoigusa huweza kuzaa kosa jipya, na katika Kiswahili kosa hilo aghalabu ni la upatanisho: ukibadili "utafiti" kuwa "matokeo", kile kitenzi "ulionesha" kilicho mistari miwili mbele hubaki vilevile. Baada ya hapo ichape kwenye karatasi uisome kwa sauti, kwa kuwa jicho la mwandishi husoma alichokusudia.

Mwanafunzi_Moro: Nashukuru sana, Shangazi, nawe Mhariri. Na majedwali je? Ninayo mengi.

Mhariri_wa_Vitabu: Hayo yanahitaji watu wawili: mmoja asome tarakimu kwa sauti kutoka kwenye hojaji, mwingine afuatilie kwenye tasnifu. Kisha jumlisheni upya kila safu, maana jumla isiyolingana ndiyo ambayo mtahini ataiona kwanza.