Dawa ya wadudu wa kahawa: nimtumie mama ipi?

BintiMatengo: Wakuu, niko Dodoma, Kizota. Mama yuko Mbinga, analima kahawa yake mwenyewe, ekari moja na kidogo. Juzi kanitumia picha: matunda mabichi yana katundu kadogo kitovuni, ukipasua unakuta unga na vidudu vyeusi. Ananiagiza dawa. Nikaingia duka moja la pembejeo, jamaa akanimiminia kitu kwenye chupa ya maji ya kunywa, lebo hakuna: "vifuniko viwili kwa bomba". Nikaiacha hapohapo. Mama mwenyewe bomba anaazima, linavuja mgongoni. Nitume dawa gani iliyo salama?

MstaafuUgani: Umefanya vyema kuiacha, mwanangu. Tena huyo mdudu ni mjanja: jike hutoboa tunda, akataga humohumo, watoto wakala punje kwa ndani. Ukipulizia unalowesha ganda tu. Endosulfan, dawa iliyosifiwa zamani kwa kazi hiyo, iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali za sumu zisizoisha upesi, mwaka 2011 ili dunia iachane nayo. Akitokea mtu wa "ninayo ile ya zamani", kimbia.

Kazi kubwa ni ya mikono. Mavuno yakiisha, mama asibakize tunda mtini, hata lililokaukia tawini, na yaliyodondoka ayaokote yote. Humo ndimo mdudu anamongojea msimu ujao. Yenye matundu ayatie kwenye maji yanayochemka au ayafukie shimo refu. Akiyatupa pembeni ya shamba, kawahamisha nyumba tu.

Kisha mtego. Chupa ya plastiki, kata dirisha ubavuni, maji ya sabuni chini, ndani aning'inize kichupa cha spiriti chenye tundu dogo kifunikoni. Majike yanayoruka hufuata harufu, yakatumbukia. Afunge usawa wa kifua. Ila asije akaona mtego umejaa akaacha kuokota!

Mzabibu_Hombolo: Kahawa siijui, nalima zabibu, ila bomba linalovuja nalijua. Huku tunajisifu mwanamke hashiki dawa, mume ndiye anayepuliza. Haya, ile ovaroli anafua nani? Tena beseni moja na nguo za mtoto. Mimi ya dawa ina beseni lake, nimelipaka rangi nyekundu, halivuki mlango wa jikoni.

BintiMatengo: Asante dada. Mzee, kuokota ekari nzima na mgongo ule wa mama? Dawa si ndiyo nafuu?

MstaafuUgani: Hiyo hela ya dawa mtumie ya vibarua. Au waokote kwa zamu na majirani, maana jirani asipookota, wadudu wake hawajui mpaka. Ikilazimu dawa, amwone kwanza afisa ugani wa kata. Anunue iliyofungwa, iliyosajiliwa na TPHPA, yaani mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye maelezo ya Kiswahili. Yenye utepe mwekundu kwenye lebo asiiguse, hiyo ndiyo kali kuliko zote.

Mzabibu_Hombolo: Na glavu ziwe za mpira. Za kitambaa zinanyonya dawa, unashinda nayo mkononi mchana kutwa.