Namna ya kuchunguza bustani ya Mnara wa Azimio la Arusha

Mwanafunzi, Arusha
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Ninafanya utafiti wa shahada kuhusu bustani inayouzunguka Mnara wa Azimio la Arusha, pale kwenye kiplefti jirani na makumbusho, Kaloleni. Ninataka kuandika historia yake pamoja na matumizi yake ya kila siku, lakini nimeshauriwa kwamba hizo ni kazi mbili, nichague moja. Je, haziwezi kuunganishwa?

Mwalimu mstaafu, Kaloleni
Marahaba, mwanangu. Zinaunganika. Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala wakati huo, ilikutana hapa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Azimio la ujamaa na kujitegemea likatangazwa tarehe 5 Februari, na ukumbi wa jamii uliotumika kwa kikao hicho ukafanywa makumbusho mwaka 1977. Wanaoukumbuka ukumbi ule kabla ya hapo wanazidi kupungua, kwa hiyo anza na hao, makaratasi yafuate. Usimwulize mzee "historia ya mnara", maana atakupa hotuba. Mwulize alikuwa akipita wapi kwenda sokoni, na mahali hapo palikuwa na nini.

Mtaalamu wa mipango miji, Moshi
Naongezea upande wa matumizi. William H. Whyte, mtafiti Mmarekani wa maisha ya mijini, alipowarekodi kwa kamera watu wa New York miaka ya 1970, aliona kwamba watu hukaa zaidi mahali penye pa kukalia. Jambo hilo huonekana dogo, ila viwanja vingi vilikuwa vimejengwa bila kulizingatia. Chora ramani kwa mkono, utie alama kila kivuli na kila ukingo unaokalika, kisha uhesabu watu saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, ukiwatenga wapitaji na waliokaa. Nilipopita hapo mwezi uliopita, niliona kijia chembamba kimekatiza nyasi, na mpiga picha akimpanga bibi harusi ili mwenge ulio kileleni mwa mnara uonekane juu ya shela. Picha za namna hiyo zimo katika albamu za majumbani, na nyingi zina tarehe. Ukizikusanya utaona jinsi miti, taa na viti vilivyobadilika, na hapo historia na matumizi utakuwa umevipata kwa pamoja.

Mwanafunzi, Arusha
Ninawashukuru sana. Nimeitafuta picha ya harusi ya wazazi wangu: nyuma ya bega la mama kuna mti ambao leo haupo. Nitaanza kwa kumwuliza yeye ulikuwa mti gani, na nani walikuwa wakikaa chini yake.