Naomba ushauri: ratiba ya Italia isiyo ya mbio

Wakuu, habari zenu. Mimi na mama tunasafiri ng'ambo kwa mara ya kwanza, siku kumi Italia. Kaka kanitumia ratiba ya miji sita, nimechoka kuisoma tu! Mama magoti yanamsumbua, na madaraja mengi ya Venice ni ya ngazi, kwa hiyo huko naona tupaache. Nawaza tukae Roma zaidi, kisha Florence kwa treni ya mwendokasi, kama saa moja na nusu hivi. Colosseum na Makumbusho ya Vatican nimeyapanga siku tofauti, asubuhi, mchana tunalala.

Je, Florence tuhamie kabisa au twende na kurudi? Na siku ya kutua, mnapanga chochote kweli?