Nimehamia Dodoma kutoka Nakuru, 960,000 ya chakula kwa mwezi na bado haitoshi. Nyinyi mnanunua wapi?

MamaPacha (mleta uzi)
Habari zenu. Naomba mnisaidie bila kunicheka. Tulihama Nakuru mwezi wa tatu, mimi, watoto wangu wawili na bwanangu ambaye ni Mtanzania, kazi yake imehamia hapa Dodoma. Tunaishi mtaa unaitwa Kikuyu (ndio, najua, ndugu zangu huko nyumbani hawajamaliza kucheka).

Shida yangu ni chakula. Kila wiki inaenda 240,000, ikifika Ijumaa friji iko na chupa za maji na kitunguu nusu. Mwanzoni nilikuwa nagawanya kila bei kwa 20 ili nipate shilingi ya kwetu, nikaona mbona ni nafuu. Sasa nimeacha kugawanya, pesa inaisha tu. Bwanangu hajagomba lakini ameanza kuuliza "wiki hii tumekula nini?" kwa ile sauti.

Nikienda sokoni nikifungua mdomo tu bei inapanda. Kuna mama nilimwambia anipe ndengu, akanipimia dengu, nikachemsha tangu saa nane mpaka watoto wakalala na njaa. Swali langu ni moja tu: hapa Dodoma vitu vya bei nafuu mnanunua wapi?

MzeeWaNkuhungu
Karibu Dodoma shemeji yetu. Nyanya, vitunguu, hoho na mboga za majani nenda Sabasaba au Majengo, nenda asubuhi kabla jua halijakasirika. Nafaka usinunue kilo moja moja dukani kwa Mangi. Subiri mavuno, mwezi wa sita wa saba hivi mahindi yakianza kujaa Kibaigwa, nunua gunia, peleka mashineni usage mwenyewe. Mafuta chukua ya alizeti, huku na Singida ndiyo kwao.

Halafu jifunze sado. Sado ni lile kopo la rangi la lita 4, ndicho kipimo cha nyanya na viazi. Simama umwangalie anavyopanga. Kuna watu wanapanga nyanya kama fundi anajenga ukuta, juu mlima, ndani hewa tupu. Mwambie atikise.

Mimi nyumbani tuko 6, natumia laki nne na kitu, gesi na mkaa pembeni. Hiyo 960,000 ya watu wanne sijaielewa. Unanunua bei gani?

kotmiri
Dada, somo la kwanza bure:
ndengu yako = choroko
minji = njegere
waru = viazi mviringo
dania = mimi hapa, karibu sana

BabaZabibu
Umenikumbusha mbali. Mimi nilikaa Githurai miezi 8 kwa kazi ya ujenzi. Siku ya kwanza naingia hotelini naagiza chai ya rangi, mhudumu ananiangalia usoni, "unataka strungi? Uko mgonjwa?" Akaniletea na maji ya moto mengine pembeni, bila kuongeza hela, kwa huruma. Kuanzia siku hiyo nikawa naitwa Mgonjwa mpaka saiti. Na huko maziwa ni ya pakiti, watu wanaamka nayo kama sisi tunavyoamka na mswaki. Nilirudi Dodoma nimenenepa, mke wangu akadhani nimeoa. Ile kesi mpaka leo haijafungwa rasmi.

Ushauri wangu: punguza maziwa.

MamaPacha
Asanteni. Maziwa kweli tunatumia lita 2 kwa siku, hiyo nakubali. Lakini chai bila maziwa watoto wangu wanalia jamani.

Kuhusu bei: nyanya sado 12,000. Mchele kilo 3,800. Nyama 16,000. Mayai trei 13,000. Nilidhani ni kwa sababu ya Bunge, niliambiwa wabunge wakiwa mjini kila kitu kinapanda.

MzeeWaNkuhungu
Wabunge wanakula nyama, sawa, ila hawali nyanya kiasi hicho. Jana nimenunua sado 5,500. Mchele mzuri 2,700. Nyama ya mfupa hapa mtaani 11,000, na hapo nimelalamika.

mtoto_wa_Area_C
Kwangu nyama 12,000 lakini 16,000 sijawahi kuiona, labda ng'ombe alikuwa na shahada.

MwanaKondoa
Kuna kitu hakijakaa sawa. Mleta uzi anasema akifungua mdomo bei inapanda, sawa, hiyo ipo, hata mimi nikienda Kariakoo napigwa kwa sababu ya lafudhi. Lakini ukipigwa na muuza nyanya, unapigwa nyanya. Hapa umepigwa nyanya, mchele, nyama na mayai, vyote kwa kipimo kimoja, wiki baada ya wiki. Dada, sokoni unaenda wewe mwenyewe?

kotmiri
Swali zuri. Nakaa hapa na karanga zangu.

MamaPacha
Hilo si swali nililouliza. Nimeuliza masoko.

MwanaKondoa
Masoko umeshapewa. Nani anaenda?

MamaPacha
Sawa. Baada ya ile mambo ya dengu niliacha kuenda. Anaenda shemeji yangu, mdogo wa bwanangu, tunakaa naye tangu mwezi wa nne. Namtumia pesa kwa simu asubuhi, anarudi na vitu na ameandika kila kitu kwa daftari. Si mtu mbaya. Ameokoka, anaimba kwaya. Anajua soko, anajua watu, anazungumza Kigogo na wale wamama, mimi siwezi. Na si kwamba anakaa bure, anasaidia watoto homework... samahani, kazi za shule. Tafadhali msianze kumtukana, ni familia.

mtoto_wa_Area_C
Hajatukanwa mtu. Ila umepigwa.

MzeeWaNkuhungu
Kijana anachukua cha juu. Hii wala haihitaji kikao. Kesho nenda naye Majengo, ukae hatua tatu nyuma yake, umsikie anavyoambiwa bei.

BabaZabibu
Cha juu kidogo ni nauli bwana, hata mimi mdogo wangu nikimtuma sigara hailudi chenji. Lakini huyu amefungua tawi.

BabaZabibu
*hairudi. Msinianze.

MamaMlezi
Mimi nitasema lile ambalo wengine mnalizunguka. Mwanamke una jiko lako, una mikono yako, kwa nini kikapu cha nyumba yako kishikwe na mwanamume mwingine, awe shemeji awe nani? Ugeni hauishi kwa kujificha ndani. Mimi nilikuja Dodoma kutoka Kagera, ndizi za kupika nazikosa, sijui mlenda ni nini. Nilienda kwa jirani Mgogo, nikakaa jikoni kwake, akanifundisha mlenda, nikamfundisha senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Leo ni dada yangu kabisa. Nenda kwa jirani.

kotmiri
Alikula senene?

MamaMlezi
Mpaka ananiulizia lini zinakuja.

MwanaKondoa
Tusihame. MamaPacha, mumeo anajua kwamba mdogo wake ndiye anayenunua?

MamaPacha
Anajua anasaidia. Hajui kama ni kila kitu.

Na pia siwezi tu kumtoa hivyo. Niwaambie ukweli kwa sababu mnaniona mjinga. Tuko na mpango. Nimempa 800,000, akiba yangu niliyokuja nayo, amelipia frem, chumba cha duka, huko Nkuhungu miezi 6. Tunataka kuuza nafaka. Yeye ataenda Kongwa kununua mahindi na alizeti kwa wakulima, mimi nitakaa dukani. Frem iko kwa jina lake kwa sababu mimi si raia bado. Nilitaka bwanangu aone duka likiwa limesimama, iwe ni surprais. Kwa hivyo nikianza leo kugombana naye kwa sababu ya nyanya, ile 800,000 itakuwa aje? Hiyo ndiyo hali. Si kwamba siwezi kuhesabu.

mtoto_wa_Area_C
Uzi ulianza kwa sado ya nyanya jamani.

KaraniMstaafu
Dada, vumilia nikueleze polepole. Julai 2025 ilitoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Ya kuuza rejareja na jumla imo, supamaketi ni kati ya walioachwa. Kununua mazao shambani imo pia. Kwa hiyo mpango wako umeingia kwenye mambo mawili kati ya yale 15. Asiye raia akikamatwa faini yake inaanzia milioni 10, na kibali cha kuishi kinaweza kufutwa. Na raia anayemsaidia naye ana adhabu yake.

Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia, njia ipo, ila sisi hatuna uraia pacha, itabidi uuachie wa Kenya. Hilo kaa na mumeo kwanza, siyo na shemeji.

MamaPacha
Lakini frem si yangu, ni yake. Duka litakuwa lake kwa karatasi.

KaraniMstaafu
Basi huna frem. Una shemeji mwenye frem. Mkataba umeuona?

MamaPacha
Alinionyesha picha kwa simu.

Mpimachai
Nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa niseme. Hii ni chai, yaani uongo mtupu. Tena chai ya maziwa lita mbili.

Angalieni ushahidi. Mkenya anaishi mtaa wa Kikuyu, mume haonekani, shemeji mwanakwaya mwizi, frem ya siri, akiba 800,000. Hii ni tamthilia. Huyu ni mwanachuo yuko likizo, bando limebaki, anatuchezea akili. Mleta uzi, hebu jibu: huyo shemeji vitu ananunulia soko gani, siku gani?

kotmiri
Mpimachai na wewe, Kikuyu ipo, mimi nimezaliwa hapo.

mtoto_wa_Area_C
Hata mimi nilianza kuwa na shaka kwenye "surprais".

BabaZabibu
Mkenya huyu ni wa kweli. Mtanzania hawezi kuandika "itakuwa aje". Nimekaa Githurai mimi.

Mpimachai
Hata mimi naweza kuandika "itakuwa aje". Nimeandika sasa hivi. Nimekuwa Mkenya?

MamaPacha
Sina haja ya kuthibitisha kitu kwa mtu anaitwa Mpimachai. Lakini kwa wale wanasaidia: mboga ananunua Majengo siku za katikati. Vitu vikubwa, nyama ya wiki nzima na mchele, anaenda mnada wa Msalato kila Jumapili. Tukitoka kanisani anachukua kikapu saa saba, anarudi kumi na mbili jioni, amechoka, miguu imejaa vumbi. Hata leo ameenda. Huyo mtu anajituma, ndiyo sababu nasema msimtukane.

Mpimachai
HAHAHA. Nilijua. Wakuu, nimemaliza kazi. Mnada wa Msalato ni Jumamosi. Mtoto wa darasa la pili Dodoma anajua. Chai imemwagika, leteni kitambaa.

kotmiri
Duh. Kweli ni Jumamosi.

mtoto_wa_Area_C
Jumamosi tupu. Mimi kila Jumamosi nipo pale kwa ajili ya mbuzi choma, Jumatatu ndiyo napata akili.

Mpimachai
Uzi ufungwe. Na zile nyanya za 12,000 mumpelekee mwandishi.

MwanaKondoa
Subiri Mpimachai. Wewe umekamata mtu, ila sidhani kama ni huyu unayemshika.

MamaPacha
Jumamosi tu? Hakuna mwingine Jumapili?

MzeeWaNkuhungu
Minada iko mingi mkoani, kila mmoja na siku yake. Ila wa Msalato ni Jumamosi, tangu mimi kijana. Jumapili ukienda pale utakuta vumbi na watoto wanachezea mpira.

MamaPacha
Lakini nyama inakuja. Kilo 4 kila Jumapili.

fundi_bucha
Dada, mimi nauza nyama, sijachangia maana mlikuwa mnagombana. Mifupa inapokuja, imekatwaje? Ya mnadani inakatwa kwa shoka juu ya kisiki, utaona imepasuka vibaya, ina vipande vidogo vidogo vinauma meno. Ya buchani mjini tunakata kwa msumeno wa umeme, inanyooka kama imepigwa rula. Yako ikoje?

MamaPacha
Imenyooka.

fundi_bucha
Basi hiyo ni ya mjini. Nyama ya bucha mjini haifiki 16,000, na haichukui saa tano kuinunua.

MamaMlezi
Dada, usimvamie kwa hasira. Na usimwambie ulichosoma humu.

KaraniMstaafu
Kabla ya yote mwambie mumeo habari ya frem. Leo.

MamaPacha
Nasikia geti. Ameingia. Kikapu kimejaa, anaimba. Bwanangu yuko sebuleni anaangalia mpira.

Niandike baadaye.

Mpimachai
Mimi bado nasema ni chai, ila naomba mniambie ikiendelea.

kotmiri
Sasa ndiyo ya rangi hiyo.

BabaZabibu
MamaPacha ukirudi, wasalimie Nakuru. Na maziwa punguza kweli, lita 2 ni nyingi.

mtoto_wa_Area_C
Samahani wakuu, nje ya mada kidogo: hiyo frem Nkuhungu iko barabara gani? Natafuta ya kuweka saluni, na inaonekana itapatikana.